Sekunde Kumi na Moja za Mwasha Taa

2 Februari

Dada yangu Masikio,

Shikamoo. Huku mimi ni mzima wa mwili ila roho imechafuka, na kwa kuwa simu huitaki, itabidi uisome mbichi hivi hivi. Najua, najua. Mtu akishinda kutwa na hedifoni kichwani akikata na kuunga sauti za watu, akipigiwa simu hasikii maneno, anasikia pumzi tu. Umeshanieleza mara mia.

Jumamosi nilikwenda kuitazama ile filamu mpya ya Mwasha Taa, inayodai kutueleza mambo yalianzaje kabla ya zile tatu tunazozijua. Nilivaa shati nililovaa siku ya usaili wa kazi. Tulikwenda mafundi lifti wanne, wote wagonjwa wa Mwasha Taa, na mmoja alikuja na mkewe, ambaye tulikuwa tumemtisha wiki nzima asije akakohoa.

Dada, wametuharibia.

Filamu zile unazijua. Mzee mmoja kabaki katika mji uliohamwa, kila jioni anapita na ngazi yake kuwasha taa za barabarani. Anawasha sita, ya saba anaipita kama haipo. Filamu tatu nzima anaipita. Halafu ile ya tatu, karibu na mwisho, msafiri anamuuliza, "Mzee, mbona hiyo huiwashi?" Na mzee, ametupa mgongo, kimya. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu tangu darasa la pili. Kisha anabeba ngazi yake anakwenda zake. Kwa lugha yetu sauti ya mzee yule ni ya Baba, kwa hiyo kimya kile ni cha Baba, na utoto wangu wote nimelala nikikiwaza. Nilipomuuliza Baba sababu, alinijibu, "Kawaulize wenye mji."

Sasa hawa wametuletea jibu. Unajua taa ya saba ilizimwa na nani? Na katoto. Binti wa Mwasha Taa, kana miaka minane, kanazima taa kwa mzaha, watu wanapotea gizani, wengine wanakufa, mji unahamwa. Basi, imekwisha. Siri ya miaka thelathini ni katoto kakorofi. Mle ukumbini watu walicheka, wakaguna, mwenzangu mmoja akatoka nje. Mimi nilikaa mpaka majina yote yakapita, kwa ajili ya Baba, ingawa jina lake halimo. Na Mwasha Taa mwenyewe badala ya kukafukuza anakabeba mabegani. Ningekuwa mimi ningekafukuza.

Nieleze wewe unayefanya kazi humo humo. Nani katupikia hiki?

Ile picha uliyonipa baada ya msiba wa Mama nimeitia fremu. Mimi na tochi yangu kwenye ngazi za nyumba ya zamani, nimekunja uso kama Mwasha Taa mwenyewe. Tochi siikumbuki kabisa, wala hizo ngazi. Nimeitundika juu ya kitanda, na kila anayeingia anasema sijabadilika.

Mdogo wako,
Fundi Lifti


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilicheka nilipofika kwenye shati la usaili. Mengine sikuyacheka sana, maana mpishi unayemtafuta ndiye huyu. Sauti za filamu hiyo kwa lugha yetu nimezihariri mimi. Huyo mtoto nimekaa naye masikioni wiki mbili, kila anapocheka na kila anapoita baba yake.

Kuna jambo nikueleze kabla hujalisikia kwa wengine. Katika lugha yake ya asili, Mwasha Taa hanyamazi pale. Msafiri anapomuuliza, anajibu: "Hiyo siwashi. Aliyeizima bado yuko hai, na sitaki aione ikiwaka." Wenzetu wa nchi nyingine wana nusu ya jibu tangu zamani, ndiyo maana walilia kwenye filamu mpya pale sisi tulipocheka. Sisi tumepata kimya kwa sababu Baba hakuyasema. Mzee katupa mgongo, mdomo hauonekani, studio ikaacha pengo na hakuna aliyegundua.

Usiniulize kwa nini. Kazi za siku zile zilikuwa za mbio mbio, pengine walikosa muda.

Sina jipya. Mlinzi wa studio kaninunia tena, eti natoka saa kumi naacha taa za chumba changu zinawaka. Nimemwambia azime yeye. Miaka kumi na sita tunagombana kwa jambo hilo moja.

Na yule mtoto wa kwenye filamu mwache. Ana miaka minane.

Dada


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu nikiwa juu ya paa la lifti, mahali nisipotakiwa kusoma kitu. Niliwaeleza wenzangu. Mmoja alikataa katakata, akasema ni uongo uliotungwa na watu wa mitandaoni. Mwingine akasema ni sawa na kuambiwa lifti uliyoipanda miaka yote haina kamba.

Yaani kitu nilichokipenda kuliko filamu yenyewe hakikuwepo. Nilikipenda kipande ambacho Baba alikiacha.

Lakini hilo la kukosa muda, dada, hapana. Baba nimemwona mimi mwenyewe akirudia neno "karibuni" mara ishirini na mbili kwa ajili ya tangazo la magodoro. Mama akamletea chai ikapoa, akaletewa nyingine ikapoa. Mtu huyo haachi jibu kubwa la filamu nzima kwa sababu ya saa.

Uliwahi kunisimulia kwamba fundi wa sauti wa siku zile alikuwa na mtindo wake. Aliacha kaseti ikizunguka pembeni tangu Baba anaingia mpaka anatoka, ili jioni wajue jaribio lipi lilikuwa zuri. Basi ya siku ile ipo wapi? Huenda Baba aliyasema maneno yale, wakayatoa wao.

Nikwambie kweli, wala si habari ya filamu tena. Tangu Baba afariki, sijasikia sauti yake ikisema jambo ambalo silijui kwa moyo. Filamu zote nimezikariri. Magodoro nimeyakariri. Ningependa kumsikia mara moja akisema kitu kipya, hata kama ni kuomba maji. Nitafutie.

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Kaseti hazipo. Ghala lilivuja mwaka ule wa mvua nyingi, zikaota ukungu, zikatupwa. Pole.

Habari nyingine ni hii. Mkuu wa studio ameamua filamu tatu za zamani zitolewe upya, sauti zikiwa zimesafishwa, na zipatane na hii mpya. Maana yake lile pengo lizibwe. Kijana aliyeingiza sauti ya Mwasha Taa kwenye filamu mpya ameshayasema maneno yale, na kazi ya kuyapachika nimepewa mimi. Natakiwa kukabidhi tarehe ishirini Aprili.

Nimekubali. Tafadhali usiniandikie barua ya kunishawishi.

Dada


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Sikuandikii barua ya kukushawishi. Nakuandikia kuungama.

Nilimwandikia mkuu wako. Barua ya heshima, niliiandika mara nne, nikajitambulisha kuwa mtoto wa fulani, nikaomba asizibe kimya cha marehemu. Sikukutaja kwa baya. Na yule bwana, kumbe ni mtu mwema, alinijibu kwa mkono wake. Anasema sauti ya Baba ndiyo iliyomtia katika kazi hii. Kuhusu pengo anasema uamuzi umeshatolewa, lakini kwa kuwa nilimuuliza juu ya kaseti, alikwenda mwenyewe kutazama kwenye daftari la ghala.

Kaseti ya siku ile ipo. Imeazimwa tarehe kumi na nne Februari. Sahihi ni yako.

Kwa hiyo uliponiandikia habari za mvua na ukungu, ulikuwa nayo. Nimejaribu kukasirika nikashindwa, maana najua wewe humnyimi mtu kitu bila sababu. Ila nimelala vibaya. Nilikuwa nafikiri hujawahi kunidanganya hata siku moja. Sasa nafikiri huenda umewahi, mara nyingi tu, na mimi ndiye sikuwa na daftari la kuangalia.

Nitumie.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Nimeiweka ndani ya soksi isije ikavunjika njiani.

Niliisikiliza dakika nne nikaizima, na tangu hapo imekaa kwenye droo yangu. Sina nguvu ya kuirudia, na sina nguvu ya kukuandikia kilichomo. Soma kwanza tarehe kwenye kava. Usiisikilize ukiwa kazini, wala ukiwa juu ya kitu chochote.

Nisamehe habari ya ukungu.

Dada


29 Machi

Dada,

Niliisikiliza Jumapili adhuhuri, mlango nimefunga, redio kaseti ya Baba mwenyewe nimeiweka mezani. Tarehe niliisoma kama ulivyosema, sikuona la ajabu. Nikajisemea ni mkanda wa zamani kuliko mimi, basi.

Mwanzoni anaomba maji. Nilicheka peke yangu, maana ndicho nilichokiomba. Kisha karatasi zinachakacha, fundi anasema tayari. Baba anaanza, "Hiyo siwashi. Aliyeizima," anakatika. Anakohoa. Anaanza tena, anakatika palepale. Mara ya tatu hasemi maneno ya filamu. Anaita jina langu.

Analiita taratibu, kama alivyokuwa akinitafuta uani jioni nikiwa mdogo, la kwanza fupi, la pili analivuta. Niliitika, dada. Nikiwa mtu mzima, peke yangu chumbani, nilisema "Naam, Baba."

Ndipo nikatazama kava tena. Siku aliyoniita Baba, mimi nilikuwa sijazaliwa. Ilikuwa bado miaka miwili na miezi mitatu.

Niliizima kama wewe. Nikapanda kitandani nikaishusha ile picha, nikaitoa kwenye fremu. Nyuma kuna mwandiko wa Mama, mwezi na mwaka. Mtoto aliyeshika tochi hakuwa mimi. Siku zote hizi watu wanaingia humu wakimtazama na kuniambia sijabadilika.

Tangu siku hiyo sina raha. Jana nilikuwa ndani ya shimo la lifti, ghorofa ya sita, mwenzangu akaniita kutoka chini kwa jina langu, sikuweza kuitika. Nilishindwa kujua anamwita nani. Alipanda ngazi zote mpaka juu kuja kuangalia kama nimeanguka.

Ni nani huyu? Na kwa nini nina jina lake?

Mdogo wako, kama ndivyo nilivyo


5 Aprili

Mdogo wangu,

Ndivyo ulivyo. Lakini wewe ni wa pili. Kabla yako alikuwepo mwingine, kaka yako. Alikuwa na miaka minne, mimi minane. Ulizaliwa miaka mitatu na ushei baada ya yeye kuondoka. Mama ndiye aliyetaka upewe jina lake, ili liendelee kuitwa ndani ya nyumba. Baba alikaa mwaka mzima akikuita "Kijana" tu, ndipo akaweza.

Filamu ya kwanza ilikuwa imetoka, na sisi tulikuwa watoto wa Mwasha Taa, mtaa mzima ukituonea wivu. Tukabuni mchezo. Nyumba ile ya zamani ilikuwa na ngazi za ghorofa nne, hazina hata dirisha, kila ghorofa na swichi yake. Mmoja anatangulia akizima, mwingine anakuja nyuma na tochi akiwasha. Yeye alitaka kuwa Mwasha Taa kila siku. Mimi nilikuwa nazima. Picha hiyo Baba aliipiga wiki ileile.

Ilikuwa saa tisa mchana. Mama alikwenda dukani, mtoto nikaachiwa mimi. Nilizima ya ghorofa ya tatu nikakimbilia chini kujificha. Tochi ilikuwa imekwisha betri na mimi sikujua. Yeye alijua, akashuka hivyo hivyo, kwa sababu Mwasha Taa haogopi giza. Nilimsikia akisema maneno ya Baba, ameikaza sauti iwe nzito. Nilikuwa nimejiziba mdomo nisicheke. Halafu nikasikia mambo ambayo sitayaandika.

Hakuna aliyenigombeza. Si Mama, si Baba. Tulihama tukaenda kwenye nyumba ya chini, isiyo na ngazi, nguo zake zikagawiwa, na jambo lenyewe halikutajwa tena. Uliposema unataka kusomea lifti, unakumbuka Mama alivyofurahi mpaka ukashangaa? Sasa unajua.

Mwaka uliofuata Baba alinichukua studio siku ya kuingiza sauti ya filamu ya tatu. Waliniweka nyuma ya kioo. Nilikuwa sisikii ndani, naona midomo tu. Nilimwona akisoma karatasi, akainua macho, akanitazama. Akayashusha, akayainua tena, akanitazama. Hakusema kitu. Nilipokua nikaajiriwa hapa, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuisoma karatasi ile. Nikajua alikuwa ananitazama akifikiri nini. Aliyeizima bado yuko hai. Mmoja kaondoka, na aliyeizima bado yuko hai, amekaa pale nyuma ya kioo na viatu vyake vya shule. Mtu mpole kama Baba hawezi kumwambia hivyo mtoto wake, kwa hiyo alimeza. Nchi nzima ikakipenda kimya hicho. Wewe ukakihesabu sekunde. Mimi nimekaa nacho miaka thelathini na moja.

Ndiyo maana nimekubali kuliziba pengo. Maneno yale ni yangu, acha yasemwe, hata kwa sauti ya mtu mwingine. Tarehe ishirini nitakabidhi.

Tangu siku ile sijagusa swichi kuzima taa. Nyumbani nalala zinawaka, kazini namwachia mlinzi. Yeye anadhani ni kiburi.

Wewe uliandika kwamba ungekuwa Mwasha Taa ungemfukuza yule mtoto. Sikukasirika. Nilikuwa nimesubiri muda mrefu mtu wa nyumbani aseme.

Dada


11 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yangu ya Februari nimeikumbuka neno kwa neno na sijui pa kuuweka uso. Ningekuwa na uwezo ningeifuata njiani niichane. Nisamehe.

Lakini sikiliza. Ulizima kaseti dakika ya nne. Mimi nilizima hapo hapo. Barua yako ilipofika nikaona haiwezekani, wote wawili tuishie mahali pamoja. Nikaweka kiti, nikaisikiliza mpaka mwisho. Nakunakilia, sikuongeza hata nukta.

Hapo ameshaita jina. Kisha:

Fundi: Mzee, tunarudia?

Baba: Hii sisemi.

Fundi: Ndiyo jibu lenyewe hilo, Mzee.

Baba: Binti yangu yuko pale. Unaviona viatu vyake? Havifiki sakafuni. Jumapili atakwenda kuitazama hii na wenzake. Akiyasikia maneno haya kwa sauti yangu, atadhani namsema yeye, na atayabeba mpaka azeeke. Mwenye filamu aseme anavyotaka kwa lugha yake. Kwa lugha ya nyumbani kwangu sisemi.

Fundi: Watu watalalamika.

Baba: Walalamike.

Hapo wanaendelea na kazi nyingine, wanarudia vipande, Baba anadai maji mara mbili zaidi. Karibu na mwisho mlango unafunguliwa, na kuna sauti ya mtoto. Ni wewe, dada. Nilikujua kwa neno moja.

Wewe: Baba, umemaliza?

Baba: Nimemaliza. Twende nyumbani. Zima taa.

Nasikia kiti kinasogezwa.

Baba: Zima tu, mwanangu. Mimi nipo hapa, nimekushika.

Inapita muda. Nilijaribu kuhesabu kama ninavyohesabu siku zote, hesabu ikanipotea. Halafu swichi inalia. Na Baba anacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani, anasema, "Umeona? Bado tupo." Mnaondoka. Fundi kasahau kaseti, inazunguka peke yake mpaka inakatika.

Unasema tangu siku ile hujawahi kuzima taa. Ulizima. Nimekusikia kwa masikio yangu, na masikio ya familia hii unayajua.

Jumanne niliirudia ile filamu, peke yangu, bila shati la usaili. Bado ni mbaya, dada, nisikudanganye. Yale mapigano ya katikati yalinitia usingizi tena. Lakini Mwasha Taa alipomwinua binti yake akamweka mabegani, sikutaka afanye jambo jingine lolote.

Picha nimeirudisha ukutani. Anayeingia akisema sijabadilika, namwambia huyo ni kaka yangu.

Kuhusu pengo sitakuambia la kufanya. Kaseti nairudisha, iko kwenye soksi yako ileile, nimeifua.

Mdogo wako, wa pili


21 Aprili

Mdogo wangu,

Niliisikiliza kazini, mlango wazi, kwa spika, bila hedifoni. Nilipofika mahali pa swichi nililia mpaka mhariri wa chumba cha pili akaja akasimama mlangoni, akaona si jambo lake, akanifungia mlango taratibu. Sikumbuki siku ile hata kidogo. Nakumbuka kioo na macho yake tu. Jambo la kuzima taa, la kushikwa, limenitoka lote, na nimeishi miaka thelathini na moja na ile nusu nyingine.

Jana nilikabidhi. Maneno ya yule kijana sikuyapachika. Nilichukua kimya cha Baba nikakisafisha mikwaruzo, nikakirudisha mahali pake. Si kitupu, unajua. Ukiongeza sauti utamsikia anavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, kisha anaiachia.

Mkuu aliitazama mpaka mwisho. Akasema watu watalalamika, sasa wanalijua jibu. Nikamwambia walalamike. Akasema alikuwa na miaka kumi na mitatu alipokisikia kimya kile mara ya kwanza, na alitembea kwa miguu mpaka kwao. Kisha akatia sahihi.

Saa kumi nikakusanya vitu vyangu. Nilisimama mlangoni na mkono kwenye swichi kwa muda mrefu, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nikazima. Korido ilikuwa na mwanga wa mchana, mlinzi kasimama pale na funguo zake, haamini. Akaniuliza kama nimepata uhamisho.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao njoo. Ile nyumba ya zamani bado ipo, nimeulizia, na ngazi zake ni zilezile. Nataka tuzipande mimi na wewe mpaka ghorofa ya nne. Mimi nitazima, wewe utawasha. Njoo na tochi, na betri uweke mpya.

Dada yako